Pishi ya Mahindi na Pishi ya Mchele

Kila mwaka Ramadhani inapoelekea ukingoni, dada yangu hutoka Mbwara akaja kwetu Kibiti kungoja Idi. Yeye ndiye mkubwa wetu. Tulizaliwa Mbuchi, kwenye delta, lakini aliolewa na mkulima wa Mbwara, na huko ndiko alikobaki hata baada ya mumewe kufariki, akilima mahindi na kulea wajukuu wawili. Hufika na vitu vyake vya lazima: mswala wake, dawa zake za presha, na fitra yake.

Kwa asiyeijua fitra, ni chakula ambacho Mwislamu mwenye uwezo hukitoa kabla ya swala ya Idi, kwa ajili yake na kwa wale anaowalisha, ili maskini naye siku hiyo ale ashibe. Kipimo chake ni pishi moja kwa kila mtu. Pishi ni chombo. Zamani kila nyumba ilikuwa nayo, imechongwa kwa mti, na dada yangu bado anayo aliyoachiwa na mama, nyeusi kwa miaka ya kushikwa na mikono. Huijaza mahindi, hupitisha kijiti juu yake hadi yawe sawasawa na mdomo, kisha hufunga kila pishi katika mfuko wake. Mmoja wake, miwili ya wajukuu.

Msikitini kwetu pishi tuliiacha siku nyingi. Nyingine zilikuwa zimelika midomo, nyingine zimechongwa kwa huruma na nyingine kwa ubahili, na watu walikuwa wakibishana mlangoni. Kamati ikachukua pishi moja nzuri, ikaijaza mchele, ikaipeleka kwenye mizani, ikapata kilo mbili na nusu. Tangu hapo ukutani kwa nje pakaandikwa kwa rangi ya kijani kwamba fitra ni kilo mbili na nusu. Mimi ndiye ninayesomesha darsa hapo, na niliona jambo hilo limewarahisishia watu. Karibu wote hutoa mchele, na yule mmoja anayeleta mahindi, yaani dada yangu, mifuko yake ilikuwa ikipokewa hivihivi, kwa heshima ya umri wake.

Mwaka huo tulipata katibu mpya. Ni mtu mchangamfu, mnunuzi wa korosho, na kwa nia njema kabisa alileta mizani yake ya kidijitali ili kila kinachoingia kipimwe, pasiwe na maneno. Baada ya swala ya adhuhuri dada akapeleka mifuko yake. Katibu akauweka wa kwanza juu ya mizani, akakunja uso.

"Bi mkubwa, hapa pana upungufu."

"Upungufu wa nini?"

"Umefika kilo mbili na gramu mia mbili. Inatakiwa mbili na nusu."

"Labda na mizani yako imefunga, mwanangu. Haina nguvu."

Watu wakacheka, na katibu akacheka zaidi ya wote. Akaupima wa pili, akaupima wa tatu. Yote ilikuwa sawa, kilo mbili na gramu mia mbili, haikupishana ila kwa punje chache. Hapo dada hakutania tena. Alifunga mifuko yake mmoja mmoja, akaiweka kwenye kikapu, akarudi nayo nyumbani.

Jioni ile alifuturu kwa tende na maji tu. Mke wangu akamsogezea uji, akausukuma pembeni.

"Kula, wifi. Hata maiti hula kuliko wewe."

"Wewe umeona wapi maiti anakula?"

"Ndiyo maana nakushangaa."

Hakutabasamu. Akanigeukia mimi. Alisema kwamba tangu mama alipofariki amekuwa akitoa fitra kwa pishi ile, miaka yote, na mama naye alitoa kwa hiyohiyo. Ikiwa ni pungufu, basi miaka yote anadaiwa, na mdai mwenyewe ni Mungu.

Nikamweleza nilivyosoma na ninavyosomesha. Katika sheria yetu kuna vitu vinavyopimwa kwa chombo na vitu vinavyopimwa kwa mizani, na fitra ni ya chombo. Kilo zile za ukutani tuliziweka ili kurahisisha, si kwamba ndizo asili. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ni mdogo wangu," akasema. "Nimekubeba mgongoni. Ukiniona nasikitika, utasema lolote."

"Dada, siwezi kukudanganya katika dini."

"Sijasema utanidanganya. Nasema utanionea huruma. Hebu nijibu hili. Chombo ni kimoja. Ukitia mchele ni mbili na nusu, ukitia mahindi inapungua. Kilichopungua kimekwenda wapi?"

Nilijua kilichoandikwa vitabuni, na nilikiamini. Lakini swali lake halikuwa la kitabu. Lilikuwa la macho, na mimi sikuwa na cha kumwonyesha.

Asubuhi, tulipoamka, mswala wake ulikuwa umekunjwa na yeye hayupo. Mke wangu alisema ameita bodaboda na kusema anarudi. Kweli alirudi kabla ya alasiri, amekaa nyuma ya pikipiki, na gunia limelazwa mbele ya dereva juu ya tangi la mafuta. Dereva alilishusha huku akilalamika kwamba hajawahi kupakia abiria wawili akalipwa nauli ya mmoja.

Mke wangu akaligusa gunia, akanusa vidole. Palitoka harufu ya moshi.

"Wifi, hii si mbegu?"

"Ilikuwa mbegu."

Ni mahindi aliyoyachagua suke kwa suke na kuyaning'iniza juu ya jiko ili moshi uyalinde na fukusi. Mahindi ya kwao ya siku zote, mafupi, yanayokomaa upesi. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza kunyesha kidogokidogo, na kule Mbwara majirani walikuwa wameshatifua mashamba.

"Na shambani utapanda nini? Kucha?"

"Nitapanda nikijaliwa. Kwanza nilipe ninachodaiwa."

Nikamwambia nitamnunulia mbegu za dukani. Akasema za dukani ukizipanda leo mwakani unarudi tena dukani, na wajukuu wake hawakuzoea kula vitu vya kurudiarudia. Akaliburuta gunia hadi pembe ya ukumbi, akalifunika kwa kanga, kama vile limelala.

Jikoni mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Fanya jambo. Yule akilipeleka gunia msikitini, mwaka huu wote watakula nini kule?"

Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Msimu ukipita, umepita. Na kumzuia kwa nguvu sikuweza, kwa sababu mtu anayekwenda kulipa anachoamini ni deni la Mola wake, mimi ni nani nisimame mlangoni? Nikamwomba kitu kimoja tu, angoje hadi kesho alasiri. Binti yetu wa mwisho alikuwa njiani kuja nyumbani kwa Idi. Yeye ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na mambo ya vipimo ndiyo kazi yake. Dada anampenda mno. Akasema sawa, atangoja, lakini atangojea palepale kando ya gunia lake.

Binti akaja. Tukamweleza habari yote asubuhi iliyofuata, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Alipomaliza kusikiliza alimshika shangazi yake mkono.

"Shangazi, hilo si deni. Hiyo ni densiti."

"Ndiyo nani huyo?"

"Si mtu. Ni jibu la swali dogo. Katika nafasi hii, kimeingia kitu kiasi gani? Unachukua uzito, unaugawa kwa nafasi. Basi."

"Kama ni basi, mbona umesomea miaka yote ile?"

Binti yangu alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akasema maneno hayatatosha, tupime. Nikatuma salamu kwa katibu, naye akaja baada ya alasiri na mizani yake kwapani. Alikuwa ameshasikia habari za gunia, na moyo wake haukuwa umetulia tangu jana. Tukakaa barazani, mizani ikawekwa juu ya kigae kilichosawazishwa, na pishi ya mama ikawekwa juu ya mizani. Katibu akabonyeza kitufe, namba zikarudi kwenye sifuri. Binti akaeleza kwamba sasa mizani imeusahau uzito wa mti, itahesabu kitakachotiwa ndani tu.

"Tunaanza na nini, mchele au mahindi?" katibu akauliza.

"Tunaanza na maji," binti akasema.

Alitaka kwanza kujua pishi ina nafasi kiasi gani. Akajaza maji ya mvua kwa kopo, nasi sote tumefunga, jua kali, tukiyaangalia yanavyong'aa. Katibu akageuza uso akasema fizikia ina majaribu. Lakini maji hayakukaa. Pishi ilikuwa na ufa mwembamba ambao nafaka haikuujua kamwe, na maji yakaujua mara moja, yakachuruzika hadi kwenye mizani.

Hapo nikapata kazi yangu. Mimi ni mtoto wa delta, nimekua nikiziba mitumbwi. Nikaomba kipande cha sabuni ya kufulia, nikakilainisha, nikakisukuma ndani ya ufa kwa ukucha, nikapiga pasi kwa kidole gumba. Tukaimwaga, tukaifuta, tukairudisha kwenye mizani, katibu akairudisha sifuri. Safari hii maji yakafika mdomoni yakatulia, na mizani ikasoma kilo tatu na gramu chache.

"Sasa tunajua," binti akasema. "Maji matamu, sentimita moja ya ujazo ina gramu moja. Ndivyo vipimo hivi vilivyopangwa tangu vilipoanza. Kwa hiyo gramu elfu tatu za maji zimekaa katika sentimita za ujazo elfu tatu. Pishi ya Bibi ni lita tatu."

Akatuonyesha ncha ya kidole chake kidogo. Sentimita moja ya ujazo ni kama kijisanduku cha kukalia ncha hiyo, urefu sentimita moja, upana moja, kimo moja. Densiti ya maji ikisemwa hivyo ni gramu moja kwa sentimita ya ujazo.

"Mbona kitabuni mwako niliona elfu moja?" nikamwuliza. Nilikuwa nimekifungua asubuhi, nikaona maji yameandikwa kilo elfu moja kwa mita ya ujazo, nikadhani ni maji mengine.

"Ni maji hayahaya, Baba. Lile tangi la pembe nne pale msikitini, la plastiki lenye chuma nje, linaingia lita ngapi?"

"Elfu moja," katibu akadakia. Yeye ndiye aliyesimamia kulileta.

"Hilo karibu ni mita moja ya ujazo. Likijaa maji ni kilo elfu moja, yaani tani. Baba, ukipima kwa ncha ya kidole unasema gramu moja. Ukipima kwa tangi unasema kilo elfu moja. Chombo kimekua na uzito umekua pamoja nacho. Maji hayakubadilika."

Nikalitafakari lile tangi ambalo naliona kila siku ninapotawadha. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba limesimama pale kama mfano wa somo.

Lakini neno lake la maji matamu lilinishika, nikamwuliza kama ya chumvi yangekuwa mengine. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza tulivyokuwa tukisaidiana na baba kuleta boriti za mikoko kutoka upande wa Kiongoroni. Boriti mbichi ikidondoka majini huzama, kwa hiyo ilikuwa lazima tuzipakie mtumbwini. Huko karibu na bahari mtumbwi hukaa juu vizuri. Ukipanda nao kuelekea maji matamu, unauona unashuka, polepole, na hakuna mtu wala kitu kilichoongezwa. Baba alikuwa akiacha nafasi makusudi tangu kupakia. Alisema maji ya mto hayana mgongo kama ya bahari, na mimi nililichukua neno hilo bila kuuliza.

Binti yangu alinitazama kama mwanafunzi wake aliyejibu vizuri. "Ndiyo hiyohiyo, Baba. Maji ya bahari ni kama kilo elfu moja na ishirini na tano kwa mita ya ujazo. Babu alikuwa anaijua densiti, hakulijua jina lake tu."

"Haya, mmemaliza kuvua samaki?" dada akasema. "Mimi naangalia jua."

Tukaifuta pishi ikauka. Dada akakataa mtu mwingine asiijaze. Akajaza mchele kwa mikono yake, akapitisha kijiti. Mizani ikasoma kilo mbili na nusu, sawa na maandishi ya ukutani. Akaumwaga kwenye ungo, akajaza mahindi yaliyotoka jikoni kwetu, akapitisha kijiti kilekile. Kilo mbili na gramu mia mbili, sawa na mifuko yake.

Katibu akavua kofia akaishika mkononi.

"Kumbe sisi tuliupima mchele tukauandikia na mahindi hukumu yake."

"Gawa, Baba," binti akaniambia, akanipa simu. Nikabonyeza mwenyewe. Elfu mbili na mia tano kwa elfu tatu, ikaja kama sifuri nukta themanini na tatu. Elfu mbili na mia mbili kwa elfu tatu, sifuri nukta sabini na tatu. Hizo ni gramu kwa sentimita moja ya ujazo. Kwa lugha ya tangi, lingeingia kilo mia nane thelathini na kitu za mchele, au mia saba thelathini na kitu za mahindi. Chombo ni kimoja na kimejaa vilevile, ila uzito ni mwingine.

Nilidhani tumemaliza. Dada alikuwa bado amekunja kipaji.

"Ngoja kwanza," akasema. "Maji ni moja kamili. Mahindi hayakufika moja. Kwa hesabu yenu mahindi ni mepesi kuliko maji."

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi yangeelea. Na mimi kila msimu naitia mbegu kwenye ndoo ya maji. Inayoelea ni tupu, naitupa. Inayozama ndiyo napanda. Yangu yote yanazama. Nani muongo, ndoo au simu?"

Mke wangu, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, akasema, "Mwalimu kapatikana."

Binti akainama akayaangalia mahindi ndani ya pishi. Kisha akaomba jagi la jikoni lenye mistari ya kupimia, akalijaza maji. Akaanza kumimina kwenye pishi iliyojaa mahindi, taratibu, kama anayemwagia mche. Maji yakawa yanapotea katikati ya punje. Akamimina tena, yakapotea. Yalipofika mdomoni, jagi lilikuwa limetoa lita moja na mililita mia mbili.

"Nafasi hiyo yote ilikuwa ya hewa," akasema. "Punje ni kubwa, zimekaa vibaya vibaya, zinaachiana mianya. Pishi ni lita tatu, lakini mahindi yenyewe ni lita moja na mililita mia nane tu. Ukigawa kilo zake kwa nafasi yake mwenyewe, bila hewa, inakuja moja nukta mbili. Imezidi maji. Kwa hiyo ndoo yako ni ya kweli na simu ni ya kweli. Ndoo inapima punje. Pishi inapima punje pamoja na hewa yake."

Nilifurahi sana, lakini furaha yangu haikudumu, kwa sababu macho ya dada yalikuwa yamejaa machozi.

"Kumbe nimekuwa nikiwapa maskini hewa," akasema.

Hapo zamu ikawa yangu, na safari hii nilikuwa na cha kumwonyesha. Nikamwomba binti afanye vilevile kwa mchele. Akaujaza, akamimina maji, nao ukanywa lita moja na zaidi. Mchele nao una hewa yake. Nikamwambia dada akunjue mikono, akusanye viganja vyake viwili, achote mahindi. Akachota.

"Hicho ni kibaba," nikamwambia. "Viganja viwili vya mtu wa kadiri. Vibaba vinne ni pishi. Hivyo ndivyo kipimo hiki kilivyoanza. Hebu tazama hapo viganjani mwako, hakuna hewa katikati ya punje?"

Akatazama. "Ipo."

"Aliyetuwekea kipimo cha viganja anajua nafaka inavyokaa viganjani. Hakutuambia tuisage wala tuishindilie. Angetaka kilo, asiye na mizani angefanyaje? Mama angefanyaje kule Mbuchi? Alitupa kipimo ambacho kila mwenye mikono anacho. Maskini aliyepokea pishi ya mahindi kwako amepokea pishi. Hukumpunja hata punje."

Akaendelea kuyaangalia mahindi mkononi. Akayarudisha kwenye ungo, akaifuta pishi ikauka, akaijaza upya nafaka kavu, peke yake, mchele kwanza kisha mahindi, akaangalia kila mara kijiti kinavyopita mdomoni. Hakuna aliyemharakisha. Hatimaye akaiweka pishi chini.

"Basi hakuna kilichokwenda popote," akasema. "Kila kimoja kilikaa kadiri ya umbo lake."

"Ndiyo, Shangazi."

"Sidaiwi, na mama pia."

"Na Bibi pia."

Akafuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikapu chenye ile mifuko mitatu, akamkabidhi katibu mmoja mmoja, akitaja kila mfuko ni wa nani. Katibu akaipokea kwa mikono miwili, akasema amepokea na Mungu aikubali. Mizani aliiacha palepale sakafuni.

"Na gunia hili, Bi mkubwa, nalo nilipokee?"

"Ulipokee una shamba wewe?"

Baraza zima likacheka, na safari hii dada naye alicheka.

Mke wangu akaja akachungulia kwenye sufuria tulimomwaga nafaka zilizolowa. "Haya mliyoyaogesha mnataka niyafanye nini?" Mwenyewe akajijibu. Mchele ukawa ubwabwa wa nazi. Mahindi yakaingia chunguni na kunde, yakawa makande, ambayo kwa kuwa hayakulowekwa tangu usiku hayakuiva hadi watu walipokuwa wametoka tarawehe. Dada alikula sahani mbili.

"Wifi, taratibu. Juzi nilikuwa nakuita maiti."

"Nimefufuka. Niongezee."

Siku ya pili ya Idi niliamka mapema nikamfungia gunia kwenye pikipiki, dereva yuleyule, nauli ya abiria wawili safari hii, maana alisema ameshajifunza. Kabla ya kuondoka dada alifungua mdomo wa gunia, akachota viganja viwili vya mbegu akampa mke wangu akaipande nyuma ya nyumba. Nikamwuliza hiyo ni ya nini. Akasema si deni, ni kwa sababu anapenda tu, na nisianze kumpimia.

Siku hizo mawingu yalikuwa mazito. Nilikuwa nikiyaangalia kila baada ya swala, nikimwomba Mola ayafikishe Mbwara kabla ya mtu mzima yule kuchoka kungoja. Katibu naye alikuwa amepanda ngazi na kopo la rangi ya kijani. Juu ya maandishi ya zamani aliandika kwanza pishi moja, na chini yake mchele kilo mbili na nusu, mahindi kilo mbili na robo, maana binti alimshauri aiongeze kidogo ili mtu awe upande wa salama. Alipoteremka aliniuliza, na tende je? Na mtama? Nikamwambia tutaongea na mwalimu atakaporudi likizo.

Kisha dada akapiga simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga bati, akawa analazimika kupaza.

"Nimemaliza kupanda," akasema.

"Alhamdulillahi. Gunia zima?"

"Zima. Nimebakiza kidogo za kujazia mapengo. Na mapengo yameshatokea. Kanga wameshuka asubuhi wamefukua mistari miwili."

"Pole, dada."

"Pole ya nini? Hao ndio hawakungoja pishi wala mizani. Wamejichotea wenyewe, wameondoka." Akacheka, na mvua ikapiga kwa nguvu zaidi. "Ngoja nikate, mdogo wangu. Nataka kwenda kuziba mistari hiyo kabla ardhi haijakauka."